Speisa ya pampu ya pumu kwa kijana wa sekondari, maoni yangu

Naanza na jibu kabisa kwa wenye haraka: nunueni. Ila msinunue kabla kijana hajapimwa ikajulikana anaumwa nini, hilo nitalisema mpaka mnichoke, maana hii kitu inafaa kwa ugonjwa wake tu, ukimnunulia mwenye ugonjwa mwingine umenunua plastiki la kujazia kabati.

Nazungumzia speisa, lile dude la plastiki linaloonyesha ndani, upande mmoja unachomeka pampu ya pumu na upande wa pili unaweka mdomo. Famasi nyingi za Dar wanayo ila haikai mbele, inakaa juu kule karibu na magongo na mashine za presha, usipouliza hakuna atakayekuambia kama ipo. Ya kwetu bei haikufika elfu arobaini na nimeona maduka mengine wanapiga zaidi kwa kitu kilekile kwa hiyo zungukeni kidogo kabla ya kutoa hela. Mtumiaji ni binti wa dada yangu, yuko kidato cha pili, anasoma bweni na likizo anakaa kwangu.

Huyu mtoto alikuwa na kifua cha muda mrefu jamani. Kikohozi kikavu, mchana yuko sawa anaongea anacheka, ikifika saa tisa usiku ndo kinaanza, anakaa kitandani anakohoa mpaka anatapika, asubuhi ameamka macho mekundu anaambiwa twende shule. Akikimbia mchakamchaka kifua kinabana. Akicheka sana anakohoa. Ukiweka sikio mgongoni unasikia miluzi kwa mbali, kile kifua kinacholia wengine wanaita paka. Na kila akipelekwa hospitali anapewa jina jipya, leo nimonia, mwezi ujao aleji, mwezi mwingine vumbi tu mama usijali, na kila jina lina antibayotiki yake. Kuna hospitali moja (siitaji) akifika amebanwa wanamuweka mashine ya mvuke, anapata nafuu palepale, tunalipa, anarudi nyumbani na dawa ya kikohozi ya maji na vidonge vya salbutamoli (dawa ya kufungua kifua) vinavyomtetemesha mikono mpaka mwandiko wake unabadilika, afu baada ya muda tuko palepale kwenye benchi. Hakuna aliyekaa chini akauliza hivi kwa nini huyu mtoto anarudi rudi. Mi hasira zangu ziko hapo, sio kwenye mashine. Mashine inafanya kazi yake vizuri tu, ila inafungua kifua cha leo, haigusi kinachosababisha kifunge kesho.

Sasa tulipopata rufaa kwa daktari wa kifua ndo nikaona tofauti ya mtu anayejua anachotafuta. Kabla hata hajaweka kipimo kifuani alimshika vidole akaangalia kucha, akazigeuza kwenye mwanga, akasema kucha zikivimba zikawa na mgongo ni dalili ya ugonjwa wa mapafu au moyo uliokaa siku nyingi, za kwake zilikuwa kawaida. Akauliza kuhusu makohozi, kama anatoa mengi kila siku yenye rangi na harufu, maana kuna watoto ambao mirija ya mapafu imeharibika na kutanuka baada ya TB au nimonia kali ya utotoni, hao wanatoa makohozi kikombe kizima na matibabu yao ni mengine kabisa, mazoezi ya kutoa makohozi na antibayotiki za mpangilio. Akauliza homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, nani nyumbani amewahi kutumia dawa za TB. Akapima moyo, kwa sababu kuna vijana wanahema juu juu na kukohoa wakilala kumbe ni valvu za moyo zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, ile inayofuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa, na huyo ukimpa pampu miaka yote hasaidiki. Aliuliza mpaka kama aliwahi kupaliwa na kifuniko cha peni, nikacheka, akaniambia dada usicheke nimeshavitoa.

Afu akatuomba tutoke nje abaki na binti na nesi. Nikawaza huyu vipi. Kumbe ni utaratibu kwa umri huo, anataka kumuuliza kuhusu shisha, sigara za umeme na mambo mengine ambayo mtoto hawezi kuyajibu mama na mama mdogo wamemtolea macho. Alichojibu sijui na sijauliza.

Vipimo vilikuwa makohozi kwenye GeneXpert, hicho ni cha TB na kwa hapa Tanzania TB inapimwa na kutibiwa bure kwa hiyo mtu asikudanganye ulipie. Kikohozi kikizidi wiki mbili kinatakiwa kipimwe TB, awe mtoto awe mzee, na ikiwa ndiyo dawa kwa kawaida ni za miezi sita na anapona. Akapimwa na VVU kwa ridhaa, maana watoto waliozaliwa na maambukizi wakifika ujana wengine wanakuwa na ugonjwa sugu wa mapafu ambao kwa nje unafanana na pumu. Picha ya kifua ikatoka safi. Hapa dada yangu akashangilia akataka tuondoke, daktari akamwambia kaa chini, pumu mara nyingi haionekani kwenye picha, picha safi haimaanishi mtoto haumwi.

Kilichoonyesha ni kile kimrija cha kupuliza chenye namba pembeni, kinaitwa peak flow. Anavuta pumzi mpaka mwisho, anapuliza kwa nguvu mara moja, kishale kinapanda. Akapuliza mara tatu, kubwa kuliko zote ilikuwa 210. Akapewa salbutamoli kwa speisa, tukakaa kama robo saa hivi, akapuliza tena, 290. Daktari akaigeuza ile karatasi upande wetu akasema mirija inayofunguka hivi baada ya dawa ndo tabia ya pumu, TB haifanyi hivyo. Baadae akafanyiwa na spirometri, kipimo cha pumzi cha mashine, kuhakikisha. Nawaambia wazazi, hiki kipimo cha peak flow ombeni kwa jina, mana kituo kinaweza kuwa nacho kwenye droo na hakitumiki.

Haya turudi kwenye bidhaa. Kwa nini speisa wakati pampu inapulizwa tu mdomoni kama tunavyoona watu wanafanya kwenye daladala? Kwa sababu ile pampu inatoa dawa kwa kasi sana, ukipuliza moja kwa moja mdomoni sehemu kubwa inagonga ulimi na koo na kubaki hapo, inayofika kwenye mapafu ni kidogo, tena hapo uwe umebonyeza na kuvuta sekunde ileile, kitu ambacho mtu aliyebanwa hawezi. Speisa inaishika dawa kwanza, ukungu unakaa ndani ya chupa, mtoto anavuta taratibu kwa muda wake. Dada yangu alivyosikia anaambiwa pampu na chupa vinaweza kufanya kazi sawa na mashine ya mvuke kwa shambulio ambalo halijawa la hatari hakuamini, mpaka siku tumefanya nyumbani ukumbini na kifua kikafunguka bila bodaboda ya usiku.

Matumizi yake nayaelezea kwa sababu karatasi ya ndani ni kiingereza na kichina tu, kiswahili hamna, hapo nimekata alama. Unatikisa pampu, unachomeka, mtoto anatoa pumzi, anabana mdomo vizuri, unabonyeza mara moja, anavuta polepole kwa kina anazuia pumzi kama sekunde kumi. Akishindwa kuzuia basi avute na kutoa humohumo kwenye chupa kama mara tano au sita. Unasubiri kidogo, unatikisa tena, unabonyeza ya pili. MARA MOJA MOJA. Nimeona video mtu anabonyeza nne kwa mpigo afu anavuta, dawa inagandana ndani ya chupa inabaki kwenye kuta.

Afu kuna filimbi. Speisa yetu ikivutwa inatoa sauti fiii, na yule kaka wa famasi alituambia kwa kujiamini kabisa kwamba ikilia ujue dawa inaingia. Sio kweli! Filimbi inalia ukivuta kwa kasi kupita kiasi, ni ya kukuonya upunguze. Binti alikuwa anashindana iwe inalia kwa nguvu. Nesi wa kliniki ndo alimsahihisha, akamfanya avute mpaka filimbi ikanyamaza, mara hiyo hiyo akasema mama mdogo leo kooni sijasikia uchungu. Kwa hiyo kama na yenu inalia punguzeni mwendo.

Kuosha ni maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo mara moja kwa wiki, unaacha ijikaukie yenyewe kivulini, usiifute ndani na kitambaa hata kama unaona madoa ya maji yanakukera. Ukifuta plastiki inapata umeme, ule unaovuta nywele ukisugua rula kichwani, na dawa inanasa kwenye kuta badala ya kuingia kifuani. Hata ikiwa mpya ioshe kwanza kabla ya kuitumia.

Sasa hapa wengi wanapotea, pampu ziko mbili na kazi zake ni tofauti. Ya bluu ni salbutamoli, inafungua mirija kwa haraka, inaisha nguvu baada ya masaa machache. Nyingine, kwetu ni ya rangi ya kahawia ya beklometasoni, ndo inatuliza uvimbe wa ndani ya mirija, hiyo hautaona chochote siku ya kwanza wala ya pili, inachukua wiki, na inavutwa kila siku asubuhi na jioni hata kama mtoto anaruka kamba. Toka 2019 mwongozo wa dunia wa pumu wa GINA unasema kuanzia miaka 12 mtu asiachwe na salbutamoli peke yake, na wanapendelea pampu moja yenye budesonidi (ya kundi moja na beklometasoni) na formoteroli (ya kufungua mirija) pamoja ambayo inazuia na kufungua, tatizo bei yake na upatikanaji huku kwetu, daktari akasema tuanze na tunachoweza kununua kila mwezi bila kukatisha. Nilimpendea hapo. Dawa nzuri ya mwezi mmoja afu miezi mitatu hamna, haina kazi.

Bibi yake naye alikuja juu, mtu akianza pampu haachi tena, inazoesha moyo, inadumaza. Moyo kwenda mbio kidogo baada ya ile ya bluu ni kweli na inapita. Kuzoea kama madawa ya kulevya hapana, kinachobaki ni ugonjwa wenyewe. Kuhusu kimo bibi ana hoja kidogo jamani, kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia watoto waliotumia budesonidi mpaka wakawa watu wazima, walikuwa wafupi kwa sentimita 1.2 hivi kulinganisha na wenzao ambao hawakutumia. Sentimita moja. Mtoto ambaye halali usiku na anakunywa vidonge vya prednisoloni (steroidi ya kumeza) kila mwezi anaweza kupoteza zaidi ya hiyo. Cha kuzingatia ni kusukutua mdomo na kutema kila baada ya ile ya kahawia, usiposukutua unapata utando mweupe wa fangasi mdomoni na sauti inakwaruza, na speisa inasaidia hapo pia kwa kuwa dawa haigandi kwenye ulimi.

Kasoro za bidhaa sasa. Ni kubwa. Haiingii mfuko wa sketi ya shule, inataka begi, na kijana wa umri huo hataki kuonekana na kitu kinachofanana na chupa ya maziwa, wenzake bwenini wamekipa jina la nyonyo na siku za kwanza alikuwa anaenda kujifungia chooni kuvuta dawa. Valvu ni kiraba chepesi sana, ya kwetu imeanza kujikunja pembeni kabla ya mwaka na vipuri haviuzwi, unanunua nzima. Raba ya nyuma pia inalegea ukichomeka na kuchomoa kwa kuvuta, zungusha taratibu. Inakuja na mask ambayo kijana haihitaji, ni ya wadogo, lakini bei umeshalipia.

Na pampu zenyewe hizi za bei ya kawaida hazina kihesabio. Ndani ni mara 200. Ukitumia mara mbili asubuhi na mbili jioni ni siku 50, andika tarehe ya kuisha kwa makapeni kwenye kopo siku unayofungua. Usitegemee kuitikisa, gesi inabaki inapuliza vizuri tu wakati dawa ilishaisha. Na ile ya kuizamisha kwenye maji uone kama inaelea msiifanye, haipimi chochote na inaharibu tundu.

Kwa wasioweza kununua kabisa, mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walijaribu chupa ya plastiki ya nusu lita, wakatoboa kitako kwa umbo la mdomo wa pampu na kuziba kwa gundi pasipenye hewa, wakawapa watoto waliobanwa na pumu, ikafanya kazi sawa na speisa ya dukani. Kikombe chepesi cha stairofomu walichojaribu nacho kilifanya vibaya. Kwa hiyo chupa ya maji sio ushamba, ni kitu kilichopimwa, ila tundu libane sawasawa na vipande vya plastiki vitoke vyote kabla mtoto hajavuta, muombe nesi akuonyeshe. Mi nimetengeneza moja ya akiba ipo kwa bibi.

Shule ilitutoa jasho kuliko ugonjwa. Matroni alichukua pampu akafungia ofisini pamoja na dawa za wengine, ofisi inafungwa saa kumi na mbili na kifua kinabana saa tisa usiku, mnielewe hapo. Barua ya daktari ndo iliyosaidia, imeandikwa kabisa kwamba ya bluu ikae na mwanafunzi muda wote na avute kabla ya michezo. Nikaomba na zamu ya kufagia bweni wampe kazi nyingine, sasa hivi anamwagilia maua. Ile kufagia vumbi asubuhi kwenye bweni la watu wengi madirisha yamefungwa ni balaa, weka na godoro la miaka nenda rudi, marashi ya kupuliza ya wasichana, moshi wa kuni wa jikoni unaogeukia huko upepo ukibadilika. Kwangu nimetoa dawa ya mbu ya kuchoma ile ya duara, tunatumia chandarua, mkaa unawashiwa nje, mende nimewapiga vita kwa sababu vinyesi vyao navyo vinachokoza pumu kumbe. Hayo yote hayana maana kama pampu ya kahawia haivutwi, naona watu wanatupa mazulia na kufukuza paka afu dawa hawanunui.

Kuhusu siku mbaya. Tulipewa karatasi: akibanwa, ya bluu kwa speisa mara nne mpaka kumi, moja moja, unaweza kurudia kila dakika 20 kwa saa la kwanza, na kama HAWEZI kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, midomo inageuka rangi, au kifua kilichokuwa kinalia kimenyamaza ghafla huku bado anahangaika, hapo hausubiri dakika 20, unaenda hospitali huku unaendelea kumpa njiani. Kifua kunyamaza sio nafuu, hewa haipiti. Hiyo karatasi tumeibandika mlangoni na nyingine iko kwa matroni.

Matokeo kwetu: usiku analala. Kimrija cha kupuliza sasa hivi anacheza 340 mpaka 350, na muhula huu amechaguliwa netiboli, anavuta ile ya bluu robo saa kabla ya kuingia uwanjani. Alibanwa tena mara moja kipindi cha mafua, ikaisha nyumbani.

Alama: huduma ya kliniki tano kati ya tano, ingawa foleni ilikuwa ya kukata tamaa. Speisa nne, moja nimeikata kwa ajili ya valvu na karatasi isiyo na kiswahili. Ukienda kununua mwambie muuzaji afungue boksi, angalia kile kiraba cha ndani kimelala sawa hakijapinda, jaribu kuchomeka pampu yako hapohapo dukani maana kuna zenye tundu dogo zinakataa baadhi ya pampu, na dai risiti. Mask tuliyopewa tumempa jirani mwenye mtoto wa miaka miwili, naye ana speisa ila ya kwake ilikuja bila mask.